Kaka aliandikisha nyumba ya marehemu baba kwa jina lake, na mama anatusihi tunyamaze. Nifanye nini?

Mtoto wa Tatu

Ndugu zangu, naomba mnisome kwa uvumilivu, kwa sababu jambo hili nimelibeba kwa miezi minne na sasa limenilemea.

Tumezaliwa wanne: kaka ambaye ndiye kifungua mimba, dada anayemfuata, mimi, na mdogo wetu wa kike. Baba alifariki miaka sita iliyopita bila kuacha wosia. Majuma mawili baada ya mazishi kaka alitukusanya sebuleni, akaweka karatasi mezani na kutueleza kwamba ni za kumkubali yeye awe msimamizi wa mirathi, kwa kuwa lazima apatikane mtu mmoja wa kushughulika na benki na mahakama. Macho yetu yalikuwa bado yamevimba kwa kulia. Hakuna aliyesoma. Tulitia saini pale alipotuonyesha kwa kidole, na nakumbuka kwamba mimi hata nilimshukuru kwa kutupunguzia mzigo.

Miezi minne iliyopita nilikuwa nimekwenda kumtazama mama ilipoletwa barua ya benki. Niliifungua nikidhani inahusu akaunti ya zamani ya baba. Ilimtaja kaka kuwa mmiliki wa nyumba ile anamoishi mama, ikaeleza kwamba nyumba hiyo ni dhamana ya mkopo, na kwamba marejesho yamesimama kwa muda mrefu. Nilipofuatilia niligundua kuwa miongoni mwa zile karatasi, moja ilikuwa ya kuachia haki zetu zote za urithi kwa faida yake.

Hilo la kaka liliniuma, lakini lililonivunja ni la mdogo wetu. Alijua. Kaka alimlipia masomo kwa sehemu ya mkopo wa kwanza na kumwomba asiseme, naye hakusema. Kwa miaka mitano nimezungumza naye karibu kila Jumapili, tukimkumbuka baba, tukicheka na wakati mwingine tukilia pamoja, na siku zote hizo alikuwa na jambo hili kifuani. Sasa kila mazungumzo yetu ya zamani nayasikia upya, nikitafuta ni wapi sauti yake ilibadilika.

Dada mkubwa amekata mawasiliano na wote wawili na anataka tufungue kesi mara moja. Mama anajua tu kwamba tunagombana juu ya "karatasi za baba"; habari ya benki hatujamwambia. Alinishika mkono akaniambia kwamba hataki kufa akiwaacha wanawe wakishitakiana. Wajomba nao wanasema mambo ya ndani yabaki ndani.

Naomba mnieleze, hasa mliopitia haya. Nikidai haki, mimi ndiye nitakayekuwa nimeuvunja undugu huu, au ulikwishavunjika siku ile mezani na ninachofanya ni kuogopa kukubali? Na nimfanyeje mama?

Msuluhishi Mstaafu

Binti yangu, pole sana. Nimeshughulikia mirathi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na meza hiyo unayoieleza nimesimuliwa mara nyingi mno. Nitaanza na yasiyoweza kusubiri, kisha nitarudi kwa mama.

Msimamizi wa mirathi si mrithi wa kila kitu. Amekabidhiwa amana. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kugawa kilichobaki kwa wanaostahili, na kutoa hesabu ya yote hayo. Katika mifumo mingi ya sheria mahakama iliyomteua inaweza kumtaka alete orodha ya mali pamoja na hesabu zake, na inaweza kumwondoa ikiwa ameitumia amana kwa manufaa yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda kuomba nakala ya jalada zima la mirathi, si kesi ya kumshitaki mtu. Humo utaona tarehe, maneno halisi ya karatasi mlizosaini, na nani alishuhudia saini hizo.

Kuhusu ile hati ya kuachia haki, usijidanganye kwamba maneno "sikusoma" yatatosha. Kwa kawaida sheria humtarajia mtu mzima asome anachosaini. Chenye uzito ni kuthibitisha kwamba mliambiwa karatasi ni ya jambo moja kumbe ni ya jambo jingine. Wewe na dada yako andikeni sasa, kila mmoja peke yake, mnachokumbuka: nani alikuwepo, kaka alitamka maneno gani, karatasi zilikuwa ngapi. Msilinganishe kumbukumbu zenu kwanza, kwa sababu maelezo mawili yanayofanana neno kwa neno huaminika kidogo kuliko mawili yanayotofautiana katika mambo madogo.

Jambo la haraka zaidi ni benki. Mkopeshaji aliyepokea dhamana kwa nia njema, akiona jina la kaka yako kwenye hati, mara nyingi hulindwa na sheria hata kama kaka alidanganya. Kila mwezi unaopita kwa sababu ya kuoneana haya unaisogeza nyumba karibu na mnada. Iandikieni benki kwamba umiliki una mgogoro na kwamba ndani ya nyumba anaishi mjane wa mwenye mali, mkaulize pia katika ofisi ya ardhi kama mnaweza kuweka zuio ili hati isihamishwe tena. Tafuteni wakili wa huko mliko, maana muda wa kufungua madai una ukomo, nao hutofautiana.

Sasa mama. Umetaja watoto wanne waliosaini, hukumtaja yeye. Je, alisaini? Mjane kwa kawaida ni mrithi kwa haki yake mwenyewe. Katika sheria ya Kiislamu, kwa mfano, mjane hupata moja ya nane mume anapoacha watoto, na mgawanyo wenyewe hufanyika baada ya kutimizwa wosia na kulipwa madeni ya marehemu. Anayewasihi mnyamaze huenda ndiye aliyedhulumiwa wa kwanza, na hajui. Ombi lake si uamuzi juu ya jambo hili, kwa sababu jambo lenyewe hajaelezwa.

Mpenda Amani

Kwa heshima zote kwa mzee aliyetangulia, sikubaliani na shauri la kumweleza mama. Mimi nilimweleza wangu habari ya namna hiyo, akaacha kula vizuri kwa muda, na mpaka leo najiuliza nilipata faida gani. Ninyi watatu mkichanga mkalipa yaliyolimbikizwa benki, nyumba itapona, na hesabu na kaka mtaifanya baadaye, mama akiwa hayupo. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mashauri ya kisheria hutolewa na watu ambao kesho hawatakaa na nyinyi katika msiba.

Msuluhishi Mstaafu

Ndugu, nakuelewa, na sidharau kilichompata mama yako. Lakini tazama unachopendekeza: walioporwa walipe deni la aliyepora, kwa nyumba ambayo kwenye hati bado ni yake, bila maandishi yoyote. Akikopa tena watachanga tena? Na huo mpango wa kusubiri mama "asiwepo" una maana moja tu, kwamba mama akifa ndipo vita vianze, siku ambayo hakuna tena mtu ambaye wote wanne wanamwogopa kumkosea. Nimeona familia zikigombana mbele ya jeneza kwa sababu ya ukimya wa namna hiyo uliokusudiwa kuwa huruma.

Msomaji wa Magazeti

Nakubaliana na mzee, na kuna mfano unaojulikana duniani ambao nimeufikiria tangu nilivyosoma swali hili. Dhirubhai Ambani, mwasisi wa kampuni ya Reliance ya India, alifariki mwaka 2002 bila kuacha wosia. Wanawe wawili, Mukesh na Anil, walianza kuvutana hadi habari zikawa za magazetini. Aliyetangaza mgawanyo mwaka 2005 alikuwa mama yao, Kokilaben: Mukesh akabaki na mafuta na kemikali zake, Anil akachukua simu, umeme na huduma za fedha. Hawakupatana papo hapo. Ugomvi wao juu ya gesi ulifika Mahakama ya Juu ya India, na mwaka 2010 uamuzi ukawa upande wa Mukesh. Hata hivyo mwaka 2019, Anil alipokabiliwa na hatari ya kufungwa kwa sababu ya deni la kampuni ya Ericsson, deni lililipwa, naye akamshukuru kaka yake hadharani kwa kumsaidia.

Ulinganishe na ndugu wawili wa Ujerumani, Adolf na Rudolf Dassler, waliokuwa na kiwanda kimoja cha viatu. Walitengana mwaka 1948, na katika mji uleule mdogo wa Herzogenaurach mmoja akaanzisha Adidas na mwingine Puma. Rudolf alifariki mwaka 1974, Adolf mwaka 1978, na wamezikwa katika eneo moja la makaburi, kila mmoja mbali na mwenzake.

Najua kwamba mabilioni ya watu hao hayafanani na nyumba moja ya mama yenu. Ninachokiona katika habari ya akina Ambani ni kwamba mama hakufichwa chumbani ili asikie mazuri tu. Alipewa ukweli wote na kalamu, akagawa. Wajomba wenu wanamtumia mama yenu kuwa sababu ya kunyamaza, ilhali huenda ndiye mtu pekee ambaye kaka yenu hawezi kumkatia simu.

Nilikuwa Huyo Kaka

Nimeifuta na kuiandika upya mara tatu. Naandika kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye niliyefanya alichofanya kaka yako, na sijasoma hapa neno lolote kutoka upande huo.

Haikuanza kama wizi. Ningeliiona kama wizi ningeshtuka. Baba yetu aliugua kwa miaka miwili, na katika watoto mimi ndiye niliyekuwa naishi karibu. Wadogo zangu walituma fedha walipoweza, na walipiga simu, na baba alifurahi sana walipopiga. Mimi nilimbeba kwenda chooni. Nililala kwenye kiti hospitalini, nikapoteza kazi moja kwa kukosa kuhudhuria, na hakuna aliyeniuliza hiyo kazi ilikuwa na thamani gani. Nikaanza kuweka hesabu moyoni. Hesabu ya moyoni ni mbaya kwa sababu haina anayeikagua: kila siku niliongeza kilichotoka kwangu na kusahau kilichotoka kwa wengine. Baba alipofariki, hesabu yangu ilikuwa imefika mahali ambapo nyumba nzima ilionekana kuwa malipo yangu, tena pungufu.

Kisha nikasaini pale nilipotaka kusaini. Nilijiambia kwamba naandikisha jina langu kwa muda tu, mpaka mambo yatulie. Niliuza kiwanja kwanza, nikasema nitarudisha. Mtu aliyechukua amana ya ndugu zake hawezi kukaa nao tena kwa raha, kwa hiyo nikaanza kuwachukia. Tafadhali lielewe hili, kwa sababu pengine unalishangaa kwa kaka yako: ukali wake, kutopokea simu, maneno yake kwamba ninyi mlimtelekeza baba. Nilihitaji kuwaona wadogo zangu kuwa wabaya ili niweze kulala.

Walinipeleka mahakamani, na walikuwa na haki. Barua ya wakili ilipofika nilipigana nayo kwa nguvu zote. Kilichonishinda ni kitu kingine. Mdogo wangu wa mwisho alinitumia karatasi aliyoiandika kwa mkono. Upande mmoja aliandika kila nilichochukua, bila kupunguza hata kimoja. Upande wa pili aliandika kila nilichotoa: dawa, nauli, miezi niliyokaa bila kazi, akakadiria na mshahara wangu wa wakati ule. Chini akatoa jumla, na nilikuwa nadaiwa. Nadaiwa sana. Lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kuandika ule upande wa pili. Nilikaa na karatasi ile usiku mzima, na asubuhi nikampigia simu.

Sikusamehewa siku hiyo, wala nisingestahili. Tuliandikiana makubaliano mbele ya wakili, nimelipa kwa miaka saba na nimebakiwa na miwili. Dada yangu mmoja hajazungumza nami hadi leo. Hupokea fedha zake na hanijibu salamu. Hiyo nayo ni haki yake, na sijamlalamikia kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, dada yangu, ukiniuliza mimi: enda mahakamani kama wakili atashauri hivyo, linda nyumba kwanza, usimwachie kitu kwa huruma. Lakini andika na ule upande wa pili, uandike kwa ukweli uleule. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi wengine tulipotea pamoja nayo.

Bibi wa Wajukuu Sita

Mwanangu, wote wamezungumza juu ya kaka, na mdogo wako hakuna aliyemgusa, ingawa wewe mwenyewe ulisema yeye ndiye aliyekuvunja.

Huyo mtoto alikuwa mwanafunzi aliyefiwa na baba. Aliyeshika ada yake ndiye aliyemwambia anyamaze. Sisemi kwamba hana kosa, maana miaka mitano ni mingi na masomo yalikwisha, na kila Jumapili ilikuwa nafasi. Nasema tu kwamba usimhukumu katika shauri moja na kaka yake. Kaka alichukua kwa sababu alitaka. Yeye alinyamaza kwanza kwa kuogopa, halafu kwa kuona aibu ya kuwa alikwisha nyamaza. Hizo simu za Jumapili ninaamini hazikuwa za uongo. Inawezekana zilikuwa ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kuwa karibu nawe. Mwulize peke yake, bila dada mkubwa kuwepo, na umwache amalize kusema kabla hujajibu. Na akikuomba radhi, usimwambie kwamba si kitu, kwa sababu ni kitu.

Mtoto wa Tatu

Shikamooni wazee wangu, na ahsanteni nyote. Zimepita wiki tatu na nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza nilipofika.

Mzee Msuluhishi, swali lako kuhusu saini ya mama lilinikosesha usingizi. Nilipata nakala ya jalada. Jina la mama limo, na mbele yake pana saini, ilhali mama tangu nimjue hutumia dole gumba. Wakili alipoiona alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisimpe mtu yeyote ile nakala. Benki imeandikiwa, na imejibu kwamba haitachukua hatua nyingine kabla ya kukutana na pande zote. Zuio nalo limeombwa.

Mama nilimweleza Jumamosi, nikiwa na dada mkubwa. Ndugu Mpenda Amani, nilikufikiria wakati natamka neno la kwanza, na moyo ulinidunda. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza mara mbili kama ni kweli kwamba benki inaweza kumtoa ndani ya nyumba ile. Halafu akasema: "Kumbe mlikuwa mnanihurumia kwa kuniacha nitolewe nje nikiwa sijui." Alilia, ndiyo, na usiku ule hakulala. Asubuhi alimpigia kaka simu yeye mwenyewe, akamwambia aje Jumapili ijayo, na aje na hati. Kaka alianza kueleza, mama akamkata: "Utanieleza hapa, nikikuona uso." Amekubali kuja. Dada hajaamua kama atakaa naye chumba kimoja.

Mdogo wetu nimeonana naye. Sitaeleza mengi, kwa sababu yaliyosemwa pale ni yake. Alifika na kijitabu ambamo ameandika kila kiasi alichopewa na kaka tangu mwaka wa kwanza, pamoja na tarehe. Anasema alikuwa akijiandaa kunionyesha, na kila Jumapili alikiweka karibu na simu. Sijajua bado nimwamini kwa kiasi gani, ila kijitabu hicho ni cha zamani, kurasa zake za mwanzo zimepauka.

Nawe uliyejiita huyo kaka, nimefanya ulivyosema. Upande wa kwanza uliandikika upesi, maana nilikuwa na hasira na nyaraka. Upande wa pili umenichukua siku nne. Nimeandika matengenezo ya paa aliyoyafanya peke yake mwaka ule wa mvua nyingi, dawa za mama, na mazishi ambayo alilipa zaidi ya sisi wote kwa pamoja, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa. Halafu nikafika kwenye yale majuma ya mwisho ya baba, ambapo kaka alikuwa akishinda na kukesha naye huku mimi nikiwa nauliza hali kwa simu. Sikujua niandike kiasi gani. Mstari huo nimeuacha wazi, na Jumapili nitampa kalamu.